Neno Lifike Pande Zote Mbili: Uhakiki wa Istilahi za Utumishi Katika Kilosa na Mikumi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika ya kutafuta na kusanifu istilahi za masomo ya shule, za sayansi, za sheria na za shughuli za serikali. Majina ya wizara, ya idara na ya vyeo vikubwa yalishughulikiwa mapema. Maneno ya shambani, ya karakana, ya kiwandani na ya hoteli, yaani yale ambayo mwajiri na mwajiriwa huambiana kila siku, hayakupata bahati hiyo. Mengine tumeyarithi, mengine yameazimwa, na mengine yamefasiriwa kwa haraka na karani aliyeambiwa kwamba tangazo linatakiwa ubaoni kabla ya saa nane.

Uhakiki huu unakusudia kuyapima maneno hayo. Si upimaji wa sarufi tu, wala si wa kuuliza neno gani ni la Kibantu na lipi ni la kigeni. Swali letu ni moja: je, jina la cheo, la kikao au la barua humjulisha mtumishi anawajibika kwa nani, na neno lake yeye litafika wapi? Swali hili si la anasa. Kama tutakavyoonyesha, mtu aweza kupoteza haki yake ya kulalamika kwa sababu tu hakujua maana ya kitenzi kimoja katika barua aliyopewa.

Tumechagua wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wake wa Mikumi, kwa kuwa hapo tabaka zote za istilahi za kazi zinaonekana kwa karibu. Katika eneo la wilaya moja kuna mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa. Kuna Reli ya Kati. Kuna mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Ruembe, upande wa Kilosa wa mto Ruaha Mkuu. Na kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, pamoja na hoteli na kambi za wageni zinazoitegemea. Kila kazi katika hizo ilikuja na maneno yake, na maneno hayo hayakuondoka kazi zilipobadilika.

Tabaka la kwanza ni la misafara na mashamba. Mkuu wa kundi la vibarua aliitwa nyapara, na wako wanaomwita hivyo mpaka leo. Asili ya neno ni Kinyamwezi, mnyampara, kiongozi wa wapagazi katika misafara iliyotoka Unyamwezi, ikapita Usagara, na kushuka Bagamoyo. Misafara ilipokufa, neno halikufa. Liliingia mashambani, na hata magerezani, ambako mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wenzake aliitwa kwa jina hilohilo. Nyapara wa msafara alikuwa msemaji wa wapagazi mbele ya mwenye mali, na pia msemaji wa mwenye mali mbele ya wapagazi. Nyapara wa mkonge alibakiwa na nusu ya pili tu. Neno lilibaki lilelile, lakini njia ya kwenda juu ilizibwa.

Ajabu ya tabaka hili ni kwamba wafanyakazi waliitwa kwa majina ya karatasi zilizowahesabu. Kibarua ni barua ndogo: mtu alipewa cheti cha kazi ya siku, na baadaye jina la cheti likawa jina la mtu. Manamba ni yule aliyeandikishwa mbali na kuletwa shambani kwa namba, nasi twajua kwamba tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuandikisha watu hao, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Kipande ni kadi yenye nafasi thelathini. Kila siku ambayo mtu alimaliza ngwe yake, nafasi moja ilitiwa alama, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Siku thelathini za kipande hazikuwa siku thelathini za mwezi, kwani aliyeugua, au aliyeshindwa kumaliza ngwe, siku yake haikuandikwa.

Kwa upande wa istilahi, maneno haya yana sifa ambayo hatuna budi kuikiri: yalieleweka. Hakuna kibarua aliyehitaji kufasiriwa neno ngwe, wala neno korona, ambalo wafanyakazi walikiita kiwanda cha kusindika singa kwa kufuata jina la mashine yake. Hayakuficha jambo. Yalisema waziwazi kwamba mfanyakazi ni hesabu. Kasoro yao haikuwa ya lugha bali ya mpango uliowekwa mbele yao: katika msamiati wote huo hapakuwa na jina hata moja la mahali ambapo kibarua angeweza kusema, akasikilizwa na kujibiwa.

Tabaka la pili ni la miaka ya Azimio la Arusha. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikatiwa mikononi mwa umma. Mwaka 1970 ulitoka Waraka wa Rais Namba 1, ulioamuru mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata ukatoka Mwongozo wa TANU, ulioikemea tabia ya viongozi kujikweza na kuwadharau walio chini yao. Kwa mara ya kwanza msamiati wa kazi ulipata maneno ya njia ya kupanda juu: baraza, kamati, mjumbe, mwakilishi, hoja, kikao. Maneno haya hayakutungwa mezani. Baraza lilikuwa tayari katika maisha ya watu, ukumbi ambapo wageni hukaribishwa na wazee hukaa kuzungumza, na kwa hiyo mtu aliyesikia baraza la wafanyakazi hakuhitaji maelezo: alijua kwamba hapo mtu huketi, na anayeketi husema.

Hata hivyo, mhakiki wa haki hataishia kwenye sifa. Baraza la mwaka 1970 lilikuwa la kushauri. Wakuu wa idara waliingia humo kwa vyeo vyao, na uamuzi ulibaki kwa uongozi. Jina lilikuwa pana kuliko mamlaka. Na ubaya wa jina pana ni kwamba humpa mtu matumaini ambayo kikao hakiwezi kuyatimiza. Julai 1986, mgogoro baina ya wafanyakazi na uongozi katika kampuni ya sukari ya Kilombero uliishia kwa polisi kufyatua risasi na wafanyakazi kuuawa. Hatusemi kwamba istilahi iliwaua watu. Kusema hivyo kungekuwa kuwakosea heshima. Twasema kwamba maneno mema ya ushirikishwaji yalikuwa yamekwisha kuwako kwa muda wa miaka kumi na sita, na hayakuweza peke yao kufungua njia iliyokuwa imefungwa. Istilahi njema ni kama mlango. Hata ukichongwa vizuri namna gani, sharti awepo mtu wa kuufungua.

Tabaka la tatu ni la leo. Limeanza na ubinafsishaji wa miaka ya 1990, ambapo kampuni ya sukari iliyotajwa iliuzwa kwa wenye mitaji kutoka nje mwaka 1998, serikali ikibakiza hisa. Tabaka hili lina maneno mengi kuliko yote yaliyotangulia, na ndilo linalotuhangaisha zaidi. Tuchukue matatu.

La kwanza ni rasilimali watu. Zamani mashirika yalikuwa na Afisa Utumishi. Leo yana Meneja wa Rasilimali Watu. Wako wanaolilaumu neno hili kwa sarufi, wakisema kwamba majina mawili hayawezi kufuatana bila kiunganishi. Lawama hiyo haina nguvu, maana Kiswahili kina askari kanzu, kina mbwa mwitu na bata mzinga, wala hakuna anayelalamika. Wako pia wanaolitetea, wakisema kwamba humpa mfanyakazi heshima, kwa kumhesabu kuwa ndiye utajiri wa shirika. Utetezi huo una uzito, lakini haututoshi. Rasilimali ni mali ya kuanzia biashara. Mali hutunzwa, huhesabiwa, huongezwa na hupunguzwa, lakini haiulizwi. Utumishi, kinyume chake, ni jina la uhusiano: hakuna utumishi bila mtumishi na anayetumikiwa, na kila mmoja ana wajibu kwa mwenzake. Ajabu ni kwamba, kwa kukimbilia neno jipya, tumerudi karibu na kipande, tukamwita tena mtu kwa jina la kile anachohesabiwa kwacho. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

La pili ni mkulima wa nje. Ndivyo wanavyoitwa wenye mashamba madogo ya miwa ambao huuza mazao yao kiwandani. Mtu anaweza kuuliza: nje ya nini? Shamba ni la kwake, kijiji ni cha kwake, na aghalabu yeye ndiye mwenyeji wa hapo. Yuko nje kwa yule tu anayetazama akiwa ndani ya ua la kiwanda. Istilahi hii imefasiri mahali aliposimama mnenaji wa kwanza, haikufasiri maana. Wengine husema mkulima mdogo wa miwa, na hiyo ni afadhali, ingawa si wote walio wadogo. Sisi twapendekeza mkulima wa mkataba, kwa kuwa mkataba ndio unaomuunganisha na kiwanda, na neno hilo humkumbusha kila siku kwamba ipo karatasi yenye masharti ambayo anapaswa kuijua.

La tatu ni msururu wa vyeo vya hifadhi. Kwa muda mrefu msimamizi wa hifadhi aliitwa mhifadhi, neno zuri lililotokana na kazi yenyewe. Katika miaka ya karibuni, taasisi za uhifadhi zimegeuzwa kutoka mfumo wa kiraia kuingia mfumo wa kijeshi, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yakaunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu. Hivyo katika Shirika la Hifadhi za Taifa aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu ni Kamishna wa Uhifadhi, na chini yake wamepangwa makamishna wasaidizi, maafisa uhifadhi na askari wa uhifadhi, kwa madaraja. Kwa mizani ya uwazi, msururu huu unapata alama nyingi: kila mtu anajua aliye juu yake. Lakini msamiati wa kijeshi huleta pamoja nao kitenzi chake, nacho ni kuamuru. Askari wa zamu ya usiku aliyecheleweshewa posho si askari katika jambo hilo; ni mwajiriwa. Ni juu ya waandishi wa miongozo kuyaweka majina yote mawili, ili mtu ajue ni wakati gani anapokea amri na ni wakati gani ana haki ya hoja.

Licha ya hayo, kuna mvurugano wa ngazi ya chini. Mtu yuleyule anayewaongoza watu kumi huitwa nyapara katika mkonge, msimamizi katika miwa, fomeni katika ujenzi na supavaiza katika hoteli. Wingi huu peke yake si kosa; kila fani ina mazoea yake. Kosa ni pale hati moja ya shirika inapotumia majina mawili kwa mtu mmoja, au jina moja kwa watu wawili. Kadhalika na idara, sehemu na kitengo: katika ofisi moja kitengo ni tawi la sehemu, katika nyingine ni kinyume chake. Mtumishi aliyeambiwa apeleke malalamiko yake kwa mkuu wa kitengo hajui aanzie chumba gani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, nalo ni mawasiliano. Neno hili huandikwa kila mahali, na mashirika hujivunia kuwa na kitengo chake. Tulitazame umbo lake. Mzizi ni wasili, yaani kufika. Wasiliana ni kufikiana: neno langu likufikie, na lako linifikie. Kiambishi cha kutendana, yaani -ana, si pambo. Basi tangazo lililobandikwa ubaoni si mawasiliano, ni tangazo. Ujumbe wa simu uliotumwa kwa wafanyakazi wote bila nafasi ya kujibu ni taarifa. Kiswahili kimeyatofautisha mambo haya kwa uangalifu kuliko lugha nyingi, nasi tunaitupa tofauti hiyo. Vivyo hivyo kwa kushauri na kushauriana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri, kabla ya kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara, atoe notisi, aeleze sababu, na ashauriane na wanaohusika. Mwajiri aliyewakusanya watu chini ya mwembe na kuwasomea orodha amewajulisha; hakushauriana nao. Mfasiri akiandika kuwajulisha mahali pa kushauriana, amefuta haki kwa kalamu.

Hatari kubwa zaidi imo katika vitenzi vya kuondoka kazini. Chukua mfano wa mkata miwa wa Ruembe. Masika yanapoingia mashamba hulowa, nacho kiwanda husimama mpaka msimu mpya. Kwa hiyo akipewa karatasi isemayo umesimamishwa kazi, aweza kudhani kwamba amesimama kama kiwanda kilivyosimama, na kwamba ataitwa tena. Lakini katika lugha ya nidhamu, kusimamishwa ni kuwekwa kando wakati tuhuma zikichunguzwa, ajira ikiendelea, na kanuni hutaka mshahara ulipwe wote katika kipindi hicho. Na katika kalamu ya karani asiyekuwa mwangalifu, neno hilohilo huweza kuwa na maana ya tatu, yaani kwamba kazi imekwisha kabisa. Iwapo maana ni hiyo ya tatu, basi siku zinahesabiwa: anayetaka kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki hana budi kulifikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Huyu wetu anangoja mvua zikatike. Mvua zikikatika, siku zake zimepita, na inambidi aombe kwanza asamehewe kuchelewa. Neno moja, maana tatu, na katikati yake riziki ya watu wa nyumba nzima.

Kwa sababu hiyo twapendekeza matumizi yafuatayo, ambayo hayana jipya ila uthabiti. Kusimamishwa kazi litumike kwa jambo la muda tu, na kila mara liandamane na tarehe na maneno ajira yako inaendelea. Kuachishwa kazi liwe jina la jumla la mwajiri kuikomesha ajira, kwa sababu yoyote ile. Kufukuzwa kazi libaki kwa kosa la nidhamu lililothibitishwa, lisitumiwe ovyo, kwa kuwa humwekea mtu doa. Kupunguzwa kazini liwe la sababu za biashara, na lieleweke kwamba halina lawama ndani yake. Ni bora mara mia kuliko mahitaji ya kiuendeshaji, fungu ambalo hata aliyeliandika hulisoma mara mbili. Mkataba wa msimu ukifika mwisho, iandikwe kwamba mkataba umekwisha, na kama ipo ahadi ya kuitwa tena, nayo iandikwe.

Yapo watakaosema kwamba haya ni ya wanasheria. La. Sheria iliyotajwa humtaka mwajiri amweleze mwajiriwa masharti yake ya kazi kwa namna anayoielewa, na abandike haki za wafanyakazi mahali pa wazi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 hutaka tuhuma zitolewe kwa lugha ambayo mtuhumiwa anaweza kuielewa. Na mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, ya mahakama na ya vyombo vingine vya kutoa haki. Kwa hiyo kueleweka si hisani tena; ni sharti. Na kueleweka hakuletwi na kuwa na neno la Kiswahili tu, maana lipo neno la Kiswahili lisiloeleweka kuliko la kigeni.

Mizani yetu basi ni hii. Wafasiri, mnapolikuta jina la cheo, msiulize tu lugha nyingine inasemaje. Ulizeni mtu huyo anafanya nini, na nani humwendea akiwa na shida. Walimu, wafundisheni wanafunzi barua ya kazi kutoka pande zote mbili, ya mwajiri na ya mwajiriwa, kwa maana wengi wao wataipokea kabla ya kuiandika. Watumishi wa umma, hasa wa idara za kazi na za halmashauri, kabla ya kutia sahihi kwenye tangazo, msomeeni mhudumu wa ofisi na mumwombe awaelezee alichosikia. Kama alichosikia si kile mlichokusudia, tangazo lirudi mezani.

Nyapara wa kwanza, yule wa misafara, alikuwa na sikio pande mbili. Katika safari ya kutoka barabara ya misafara hadi bao la matangazo la kiwandani, sikio moja lilipotea. Kazi yetu sisi tunaoshughulika na maneno ni kulirudisha, angalau katika lugha. Kulirudisha katika kazi yenyewe ni wajibu wa waajiri, na wa wafanyakazi watakaoyajua maneno yao.